Kwa nini Wabaptisti husema machache juu ya Shetani na malaika

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Upande wa mama yangu tulifundishwa kumwomba malaika mlinzi kabla ya kulala. Upande wa baba, kila ibada ilikuwa na kipindi kirefu cha kumkemea Shetani kwa sauti. Sasa ninasali na Wabaptisti na nimebaki nashangaa: Shetani anatajwa kwa kupita tu, na malaika nawasikia wakati wa Krismasi, basi. Je, Wabaptisti wanaamini kweli kwamba Shetani yupo? Mimi nina malaika wangu au sina? Dada yangu amefiwa na mtoto mchanga, na watu wanamwambia mtoto amekuwa malaika, nimwambie nini? Na mtu aliyeokoka anaweza kuingiwa na pepo?

JIBU: Asifiwe sana, dada yangu. Nianze na lile lililo zito zaidi. Ndiyo, Wabaptisti wanaamini kwamba Shetani yupo. Wanamwamini kuwa kiumbe chenye nafsi, akili na nia, wala si jina tu la uovu ulio ndani ya watu. Yesu alijaribiwa naye jangwani, alimtaja katika mifano yake, na alitoa pepo mbele ya macho ya watu. Wapo Wabaptisti wachache wanaoyachukulia haya kama lugha ya picha ya nyakati za kale, lakini mkondo mkuu haujawahi kufuata njia hiyo. Nami naona anayeifuata itambidi aifumue Injili ya Marko tangu sura ya kwanza.

Kabla sijaendelea, ujue ninaposema "Wabaptisti wanaamini" nina maana gani. Hawana papa, wala baraza la maaskofu linalopitisha fundisho likawafunga wote. Kila kanisa la mahali linajitawala chini ya Kristo. Wanayo maungamo ya imani, na maungamo hayo yana uzito, lakini ni maelezo ya yale waliyoyaona katika Maandiko. Hayako juu ya Maandiko. Kwa hiyo utakayoyasoma hapa ndiyo yanayoshikwa na walio wengi, na panapo tofauti nitakuonyesha.

Sasa huo ukimya uliouona. Usidhani wamesahau. Una mizizi mirefu, na ukiifahamu utakuwa umeelewa karibu kila kitu wanachoamini katika jambo hili. Wabaptisti wa kwanza, kundi la John Smyth na Thomas Helwys lililoanza Amsterdam mwaka 1609, walikuwa Waingereza waliojitenga na Kanisa la Uingereza. Wabaptisti waliokuja baada yao walishikilia kwa nguvu kanuni moja: katika ibada na katika mafundisho, Neno la Mungu ndilo linalotuongoza, na pale Neno liliponyamaza, kanisa halina ruhusa ya kuwafunga watu kwa mambo ya kubuni. Kanisa walilolitoka lilikuwa na sikukuu ya Mikaeli na Malaika Wote, tarehe 29 Septemba. Wabaptisti hawaiadhimishi, kwa sababu hawaoni popote Maandiko yalipoiamuru.

Ungamo la Pili la London ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi. Liliandikwa mwaka 1677, na wajumbe wa makanisa ya Kibaptisti waliokutana London mwaka 1689 wakalithibitisha. Hadi leo watu huliita Ungamo la 1689. Sehemu kubwa lilifuata Ungamo la Westminster la Wapresbiteri. Ukilisoma lote hutakuta sura inayohusu malaika, wala sura inayohusu Shetani. Wanatajwa, tena mara kadhaa, lakini kila mara ndani ya habari nyingine: amri za Mungu za tangu milele, utunzaji wake wa ulimwengu, anguko la mwanadamu, ibada, hukumu ya mwisho. Ni hivyo hivyo katika ungamo la Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, lililotolewa mwaka 1925 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1963 na 2000. Linamtaja Shetani katika kifungu cha mwanadamu, kwamba ndiye aliyemjaribu, na malaika hawana kifungu chao. Hata Billy Graham, Mbaptisti aliyehubiri karibu kila pembe ya dunia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba alipotaka kuandaa mahubiri kuhusu malaika alikuta maktaba yake karibu haina kitu juu yao. Kwa hiyo ulichokiona wewe, wakubwa nao wamekiona.

Je, ukimya huu ni mzuri? Naona kwa sehemu kubwa ni mzuri, ila unaweza kuzidi. Biblia yenyewe inawataja malaika tangu Mwanzo hadi Ufunuo, na mchungaji asiyewagusa kamwe analiacha kundi lake lijifunze habari zao kutoka kwenye filamu na hadithi za mitaani. Hata hivyo, kiasi cha Maandiko ni kiasi: malaika hutokea, hutoa ujumbe, huondoka, na jicho la msomaji hubaki kwa Mungu aliyewatuma. Paulo aliwaonya Wakolosai kuhusu watu wanaojitia katika kuabudu malaika (Wakolosai 2:18). Na Yohana, mtume mzima, alipoanguka miguuni pa malaika, alikatazwa papo hapo: "Angalia, usifanye hivi... Msujudie Mungu" (Ufunuo 22:9).

Hapo ndipo linapoingia suala la kumwomba malaika mlinzi. Sura ya 22 ya Ungamo la 1689 inasema ibada ni ya Mungu peke yake, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Si ya malaika, si ya watakatifu, wala ya kiumbe kingine chochote. Inaongeza kwamba tangu anguko hatuwezi kumkaribia Mungu bila mpatanishi, na mpatanishi huyo ni Kristo peke yake. Sentensi hiyo ndiyo nguzo ya msimamo wa Wabaptisti. Hawakatai sala ya malaika mlinzi kwa kuwadharau malaika. Wanaikataa kwa sababu mlango umekwisha kufunguliwa, na aliyeufungua ni Mwana mwenyewe. Kumwomba mtumishi akufikishie ombi wakati mwenye nyumba amekuita mezani kwake ni kutoamini kwamba umeitwa.

Je, unaye malaika wako mwenyewe? Wapo wanaojibu ndiyo, kwa sababu Yesu alisema juu ya wadogo kwamba "malaika wao" huuona uso wa Baba siku zote (Mathayo 18:10), na waumini waliokuwa wakimwombea Petro walidhani mtu aliyekuwa akibisha mlangoni ni "malaika wake" (Matendo 12:15). Lakini aya hizo hazisemi kwamba kila mtu amegawiwa malaika mmoja tangu kuzaliwa kwake. Ya pili inatuonyesha tu waliyoyadhani watu waliokuwa chumbani, na walikuwa wamekosea, maana aliyebisha ni Petro mwenyewe. Ndiyo maana Wabaptisti wengi hawalifanyi fundisho. Wanachokishika kwa mikono miwili ni Waebrania 1:14: "Je! Hao wote si roho watumikao, wakitumwa kuwahudumu wale watakaourithi wokovu?" Angalia neno "wote". Mimi nimeridhika na hilo kuliko kuhesabiwa mmoja. Elisha hakuzungukwa na malaika mmoja. Mlima ulijaa farasi na magari ya moto (2 Wafalme 6:17).

Ukiuliza majina yao, Biblia wanayoitumia Wabaptisti inawataja wawili: Gabrieli na Mikaeli. Rafaeli ametajwa katika kitabu cha Tobiti, ambacho Wabaptisti hawakihesabu kuwa Maandiko. Mikaeli ndiye anayeitwa malaika mkuu (Yuda 9), na Wabaptisti wanamshika kuwa kiumbe, tofauti kabisa na Kristo. Ama yule "malaika wa Bwana" aliyemtokea Hajiri na wazazi wa Samsoni, wengi wao wanaona alikuwa Mwana wa Mungu kabla hajazaliwa Bethlehemu, maana anazungumza kama Mungu na kupokea heshima ya Mungu.

Sasa dada yako. Pole zake, na pole zenu nyote. Wabaptisti hawaamini kwamba mtu akifa anageuka malaika. Malaika ni viumbe vya aina yao, walioumbwa wakiwa malaika; mwanadamu ni mwanadamu, hapa na huko. Yesu alisema wafufuka watakuwa "kama malaika" katika jambo moja, kwamba hawaoi wala hawaolewi (Marko 12:25), lakini "kama" hiyo haiwafanyi kuwa malaika. Waebrania 12:22–23 inataja majeshi ya malaika, kisha inataja kando roho za wenye haki waliokamilika. Yapo hata maneno ya ajabu kwamba sisi tutawahukumu malaika (1 Wakorintho 6:3).

Kwa hiyo ahadi waliyo nayo Wabaptisti kwa mzazi aliyefiwa ni kubwa kuliko hiyo anayoambiwa na majirani. Mwana wa Mungu hakutwaa asili ya malaika. Alitwaa asili ya wanadamu, akafa kwa ajili ya wanadamu, akafufuka na mwili (Waebrania 2:14–16). Mtoto yule hahitaji kugeuzwa kiumbe kingine ili apendwe na Mungu. Daudi alipofiwa na mtoto wake mchanga alisema, "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi" (2 Samweli 12:23), na wachungaji wengi wa Kibaptisti husoma aya hiyo kwenye maziko ya watoto wakiamini kwamba Mungu amewapokea. Lakini sikiliza, dada: usiende kumsahihisha wiki hii. Mtu anayemwambia mfiwa "amekuwa malaika" anatafuta neno la upole, na mfiwa analipokea kwa upole. Keti naye. Siku atakapokuuliza yuko wapi mwanawe, ndipo umsomee maneno ya Daudi.

Nirudi kwa Shetani. Alitoka wapi? Hapa ndipo wengi wetu tuna hadithi ndefu kuliko Biblia. Tumesikia alikuwa kiongozi wa kwaya mbinguni, alivyopendeza, alivyopanga uasi na kuvuta theluthi ya malaika. Mengi ya hayo yanatokana na Isaya 14 na Ezekieli 28. Fungua Isaya 14:4 uone: maneno yale ni mithali juu ya mfalme wa Babeli. Ezekieli 28 nayo inaanza na mkuu wa Tiro. John Gill, mchungaji wa Kibaptisti wa London katika karne ya 18 na mfafanuzi aliyeandika juu ya Biblia nzima, alisema wazi kwamba Isaya 14:12 haielezi anguko la Shetani bali la mfalme wa Babeli, ingawa alikubali kwamba huenda maneno yanadokeza lile la kwanza. Wapo Wabaptisti wengi wanaoona nyuma ya wafalme wale kivuli cha Shetani, hasa kwa kuwa Ezekieli anamtaja kerubi na Edeni. Binafsi namfuata Gill. Hiyo theluthi nayo inatoka Ufunuo 12:4, panaposema juu ya nyota, na si lazima iwe hesabu ya malaika walioasi.

Lililo wazi ni hili. Mungu aliviumba vitu vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana, na aliviumba vikiwa vyema. Baadhi ya malaika walifanya dhambi, na Mungu hakuwaachilia (2 Petro 2:4, Yuda 6). Paulo anapomwonya Timotheo kuhusu muumini mchanga anayepewa uongozi na kujivuna (1 Timotheo 3:6), anatudokeza kwamba kiburi kilikuwamo katika anguko hilo. Hatuambiwi zaidi, na Mbaptisti aliyefundishwa vizuri hatakuambia zaidi.

Anachokitilia mkazo ni kwamba Shetani ni kiumbe. Hayuko kila mahali. Ukisikia watu watatu katika nchi tatu wakisema "Shetani amenishambulia asubuhi hii," kumbuka kwamba wanazungumza juu ya kiumbe mwenye mipaka, ingawa ana jeshi chini yake. Hajui yote. Hasomi moyo kama Mungu aujuavyo. Katika kitabu cha Ayubu anapewa kibali kwa kipimo: mali, si mwili, kisha mwili, si uhai. Sura ya 5 ya Ungamo la 1689 inathubutu kusema kwamba utawala wa Mungu unafika hata kwenye anguko la kwanza na kwenye dhambi zote za malaika na za wanadamu, lakini uovu wenyewe unatoka kwa viumbe tu, wala Mungu si mwanzilishi wake. Wabaptisti wanaoamini kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, na kwamba mwanadamu ana hiari ya kukubali au kukataa, huona maneno hayo yanakaza mno. Wao hupenda kusema Mungu anaruhusu. Mjadala huo ni wa karne nne na bado wanakula meza moja. Pande zote mbili zinakataa wazo la miungu wawili wanaopigana, mmoja mwema na mmoja mwovu, mshindi hajajulikana.

Lilitokea kundi lililovuka mpaka huo. Daniel Parker, mhubiri wa Kibaptisti huko Marekani, alichapisha mwaka 1826 fundisho la mbegu mbili: kwamba wapo watu wa uzao wa Mungu na watu wa uzao wa nyoka. Baadhi ya makanisa yalimfuata. Wabaptisti walio wengi walilikataa, kwa kuwa linampa Shetani uzao wake mwenyewe kana kwamba naye ni muumba.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaogusa maisha ya kila siku kuliko historia. Ungamo la 1689 linaposimulia Edeni, linasema Shetani alitumia werevu wa nyoka kumnasa Hawa, na kwa Hawa akamnasa Adamu, ambaye alivunja sheria kwa kutaka mwenyewe, bila kulazimishwa na yeyote. Wabaptisti wa Kusini nao wanasema mwanadamu alitenda dhambi kwa hiari yake. Shetani ni mjaribu. Hana nguvu ya kututendea dhambi zetu. "Kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe" (Yakobo 1:14). Hii ndiyo sababu katika kanisa lenu jipya utasikia sana neno "tubu" na kwa nadra neno "kemea". Mtu mwenye hasira, mzinzi, mlevi, akiambiwa kila juma kwamba tatizo lake ni pepo la hasira, la uzinzi, la pombe, anaweza kwenda nyumbani bila kuungama lolote. Nimewaona wengi walioteseka hivyo kwa miaka, wakipita kutoka maombi ya ukombozi hadi maombi ya ukombozi, na hakuna aliyewahi kuwaomba wakae wamwambie Mungu walichokitenda.

Basi, aliyeokoka anaweza kuingiwa na pepo? Wabaptisti wengi hujibu hapana. Mwili wa muumini ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19), na aliye ndani yetu "ni mkuu kuliko yeye aliye katika dunia" (1 Yohana 4:4). Anaweza kujaribiwa, kudanganywa, kushitakiwa moyoni, hata kupigwa kama Ayubu alivyopigwa. Kumilikiwa, hapana. Wapo Wabaptisti, hasa walioguswa na uamsho wa karama, wanaosema muumini anaweza kukaliwa sehemu fulani ya maisha yake. Sioni aya inayowaunga mkono, ila najua wanawajali watu wanaowaombea.

Ama asiyeamini, Wabaptisti wanakubali kwamba pepo wapo na wanaweza kumtesa. Lakini hawana cheo cha mtoa pepo, wala mafuta au maji maalumu. Wanamhubiria mtu Injili na kumwomba Mungu amfungue. Wanakumbuka wana wa Skewa, waliolitumia jina la Yesu kama kanuni ya uganga wakatoka mbio uchi wamejeruhiwa (Matendo 19:13–16). Wanakumbuka pia kwamba hata Mikaeli, aliposhindana na Ibilisi, hakumtolea maneno ya kumlaumu bali alisema "Bwana na akukemee" (Yuda 9). Tena Mathayo 4:24 inataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza mbalimbali. Injili yenyewe imetenganisha. Kwa hiyo mtu mwenye kifafa au mwenye ugonjwa wa akili apelekwe kwa daktari na aombewe, vyote viwili, na asiambiwe aache dawa ili kuonyesha imani. Mhubiri anayemwambia mgonjwa aache dawa anahatarisha uhai wa mtu, na nasema hivyo bila kupunguza neno.

Kuhusu mwisho wa Shetani hakuna ubishi: ziwa la moto (Ufunuo 20:10), ambako hatakuwa mfalme wa kuwatesa wengine bali mfungwa. Ubishi uko kwenye ile miaka elfu ya kufungwa kwake. Wengine wanaingoja Kristo atakaporudi. Wengine wanaona alifungwa tangu msalabani, kwa maana kwamba hawezi tena kuwazuia mataifa wasiisikie Injili. Ungamo la 1689 halikuamua, na katika kanisa moja la Kibaptisti unaweza kukuta maoni yote mawili kwenye benchi moja.

Jifunze kupigana wanavyopigana: silaha za Waefeso 6 ni kweli, haki, utayari wa Injili, imani, wokovu na Neno, kisha kusali kwa bidii. Na Yakobo 4:7 ina mpangilio wake, "Basi mtiini Mungu. Mpingeni Shetani, naye atawakimbia"; utii umetangulia. Kwa kuwa unafikiria kubaki, mwombe mchungaji wako akuonyeshe kanisa lenu limekubali ungamo lipi, kisha msome pamoja sehemu zinazohusu utunzaji wa Mungu, anguko na ibada. Na kama hajafundisha habari za malaika kwa muda mrefu, mwombe kwa heshima afundishe. Waebrania sura ya kwanza na ya pili zinamtosha kwa Jumapili kadhaa.